Stakabadhi ya Salamu

Makambako,
21 Februari 1954

Dada Emilia mpendwa,

Kamwene, na baada ya kamwene pokea habari za baridi ya huku, ambayo haina ukungu kama ya kwetu Kichiwa ila ina upepo, na upepo wenyewe haubishi hodi. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua Krismasi kimepona. Wasalimu watoto wako wa shule, hasa yule anayelala darasani macho wazi. Ukienda nyumbani mwisho wa mwezi msalimu Mama, umwambie blanketi linatosha. Msalimu na Baba. Mwambie namsalimu sana.

Sasa lililonikalisha kuandika. Nimepata chumba nyuma ya duka la nguo, nimetoa meza nje barazani, na kibao nimeandika mwenyewe: MANASE, MPANGAJI WA KAZI NA MSHAURI. Wengine wakisoma wanaulizana huyu ni wakili au mganga. Huko Njombe nasikia wanasema kampuni ya miti ya miwati imenifukuza. Ukweli unaujua wewe na Baba. Miaka minane nimepanga kazi za watu mia mbili, bwana mkubwa akatia saini na kusifiwa, nikachoka. Nilitaka nipange kazi za watu kwa jina langu mwenyewe. Baba aliniambia siku ile kwamba mtu mwenye akili haachi kiti cha mshahara akakalie maneno, na tangu hapo hajaniambia neno jingine. Ila karani mkuu ameniandikia kuwa kiti changu kitaningoja mpaka tarehe thelathini Juni. Sijui wameanza lini kunipenda namna hiyo.

Shida yangu ni hii. Yonathani mwenye lori alikuja kuniuliza kwa nini gari lake linatembea kila siku na yeye analala njaa. Nilikaa naye siku mbili, nikamhesabia safari, nikagundua anabeba mizigo ya shemeji zake bure mara tatu kwa juma. Nikamwandikia mistari mitano: siku gani aende wapi, na shemeji walipe nini. Akafurahi mno. Akanipa senti ishirini, kwa sababu karatasi ilikuwa moja. Hapa watu wanalipa karatasi, Dada. Kufikiri ni bure.

Tena siku zenyewe zinanichanganya. Asubuhi naanza leseni ya mbao ya Bwana Silvesta, kabla sijamaliza anaingia Dorkasi wa hoteli ya chai na ugomvi wake wa kuni, na jioni sijui nimefanya nini ila kichwa kinauma. Wewe unaishi kwa kengele. Nishauri, maana Juni si mbali, na sitaki kurudi kule kuinamia saini ya mtu.

Ndugu yako akupendaye,
Manase

---

Njombe,
9 Machi 1954

Mdogo wangu Manase,

Nimeipokea barua yako ikiwa imelowa, nadhani ilisafiri juu ya turubai badala ya chini yake. Sisi huku tu wazima. Mvua inapiga mabati mpaka nafundisha kwa ishara. Mama hajambo, goti lake tu, naye anauliza kama unakula mboga au chai na maandazi tu. Mahindi ya nyumbani yamesimama vizuri. Salamu zako kwa Baba nimezifikisha.

Nimecheka sana kuhusu mganga. Lakini ndugu yangu, uliyewapanga watu mia mbili unashindwa kumpanga Manase mmoja? Nilipopewa darasa la wasichana hamsini nilitaka kulia, mpaka Mama Mkuu wa bweni aliponiambia nigawe siku kabla siku haijanigawa mimi. Basi fanya hivi. Kila asubuhi kabla hujafungua mlango andika kazi tatu za siku hiyo, tatu tu, na ya nne ikija ingoje kesho. Mpe kila mtu siku yake: Jumatatu ya Yonathani, Jumanne ya Silvesta, na Dorkasi umwambie ugomvi wa kuni ni wa Alhamisi.

Na kuhusu malipo, acha kuuza karatasi. Uza muda wako. Nakuletea kwa mkono wa dereva wa posta daftari la mraba na saa ya mezani iliyokuwa ya bweni. Inawahi dakika nne kwa siku, uirudishe nyuma kila asubuhi. Chora vyumba vinne: jina, kazi, saa ya kuanza, saa ya kuacha. Usitegemee kukumbuka jioni, maana jioni kila mtu anajiona amefanya kazi sana. Andika papo hapo. Na bei iwe moja kwa wote, uitangaze kabla mtu hajaanza, asije akasema umemvamia.

Mengine sina. Kula mboga.

Dada yako,
Emilia

---

Makambako,
4 Aprili 1954

Dada mpendwa,

Kamwene. Saa na daftari vimefika salama, na dereva amekataa hata chai, sijui ulimwahidi nini. Poleni na mvua. Hapa jana malori mawili yamelala matopeni karibu na Lyamkena, na Yonathani aliyavuta yote mawili kwa malipo, siku aliyokuwa nayo wazi kwa sababu mimi ndiye niliyeipanga. Anatembea barabarani kama aliyeoa juzi. Goti la Mama likandwe kwa maji ya chumvi. Hujaniambia Baba alijibu nini.

Nimefanya kama ulivyosema. Bei ni thumuni, senti hamsini, kwa saa, nimeiandika kwenye kibao. Juma la kwanza watu walikuja kuangalia tu saa ikizunguka, wakaondoka. Juma la pili Silvesta akasema afadhali hii, anajua anachonunua. Sasa nina watu sita wa kudumu.

Lakini daftari lako limenifunulia jambo ambalo nisingelijua. Nimehesabu juma zima. Nakaa mezani saa hamsini. Saa zinazolipwa ni kumi na tisa. Nikajiuliza, zile thelathini na moja ziko wapi, nimeibiwa na nani? Nikaanza kuandika na zile zisizolipwa. Dada, ni salamu. Mtu anafika, kamwene, tunaanza na afya, tunaingia kwa wazazi, watoto, ng'ombe mmoja mmoja, msiba wa mwaka juzi, bei ya pareto, halafu anakohoa na kusema, sasa kilichonileta. Hapo ndipo mimi naandika saa ya kuanza. Wakati mwingine hicho kilichomleta ni cha dakika kumi.

Kwa saa kumi na tisa siwezi kulipa kodi ya chumba na kula. Nimepiga hesabu mara mbili. Ikibaki hivi, Juni natembea mwenyewe hadi kampuni. Kwa hiyo nimeamua kuanzia kesho saa inaanza mtu anapokalia benchi. Nimebandika tangazo. Unaonaje?

Nduguyo,
Manase

---

Njombe,
2 Mei 1954

Mdogo wangu,

Usinune kwa kuchelewa. Barabara ilikatika, halafu tukawa na mitihani, halafu wasichana kumi na mmoja wakapata surua. Sasa wote wanakimbia tena na kunikosesha usingizi. Nyumbani nilifika juma lililopita. Mama amefurahi juu ya goti, anasema chumvi imesaidia, ingawa nadhani kilichomsaidia ni kuambiwa na wewe. Viazi vimezaa.

Unaniuliza naonaje kuhusu benchi. Naona sawa. Kengele yangu haimngoji msichana amalize kumsalimia mwenzake, na dunia haijaanguka. Watu watazoea.

Kuhusu Baba usiniulize. Yu mzima, anakula, anasengenya wazee wenzake wa kanisa kama kawaida. Basi.

Ubakie salama,
Emilia

---

Makambako,
23 Mei 1954

Dada Emilia,

Kamwene kutoka kwa tajiri wa Makambako. Pole kwa surua. Mimi nimenenepa, Dorkasi ni shahidi, maana siku hizi ananilipa nusu kwa fedha na nusu kwa mboga, umwambie Mama.

Juma hili zimelipwa saa thelathini na nne. Watu walinung'unika mwanzoni, sasa wanajua: wanamaliza salamu njiani, wakifika wanasema kamwene moja na kutoa makaratasi. Hata mimi mwanzoni niliona haya, nikajikaza. Nimegundua haya ni kama kiatu kipya, siku ya tatu hailumi.

Nikueleze jinsi nilivyojikaza. Alhamisi alikuja mzee Kefa wa nyumbani, yule aliyepata kipaimara pamoja na Baba. Amepanda lori tangu alfajiri. Nikamwonyesha tangazo, akalisoma kwa kidole, akasema haya, akakaa. Dada, mzee yule alisalimu saa moja na dakika ishirini. Aliniuliza nalala wapi, akaomba akione kitanda, akalishika blanketi kwa vidole. Aliuliza nani ananipikia, kifua kinaendeleaje, Yonathani ni mtu wa namna gani, jioni nakaa na nani, kama naenda kanisani na nakaa benchi la ngapi. Mwisho akatoa risiti ya kodi ya mwaka jana, akaniuliza kama ni halali. Ilikuwa halali. Dakika tano.

Nilisita kidogo. Halafu nikasema, nikimwachia huyu kwa sababu ni wa nyumbani, kesho Kichiwa nzima itashuka hapa. Nikamwandikia stakabadhi safi kwa taipu: salamu na habari za nyumbani, saa moja na dakika ishirini, kukagua risiti, dakika tano, jumla senti sabini. Alilipa shilingi, nikamrudishia thelathini. Akaikunja stakabadhi akaitia ndani ya kofia. Kisha akaenda kungoja lori.

Usinisute. Juni inakuja na sasa naiona bila kuogopa.

Manase

---

Njombe,
13 Juni 1954

Manase,

Kamwene. Mama hajambo.

Barua yako ninayo karibu majuma matatu. Nimeijibu mara nne na kuchana. Leo sitachana.

Mzee Kefa hakuja Makambako kwa ajili ya risiti ya kodi. Mzee yule ana risiti zake zote tangu vita ya kwanza, zimefungwa kwa uzi, na anajua zilivyo halali kuliko Bwana Shauri wa serikali mwenyewe. Alitumwa. Baba alimtuma. Alimpa nauli, akamwambia kaniangalizie mtoto, usimwambie ni mimi, umsalimu kwa niaba yangu vizuri, usiharakishe. Yale yote aliyokuuliza, kitanda, blanketi, kifua, benchi la kanisani, alikuwa amefundishwa na Baba siku mbili kabla, jikoni kwa Mama, mpaka akayashika kwa moyo.

Kwa hiyo zile zilikuwa salamu za Baba, Manase, za kwanza tangu Januari, nawe umezipigia taipu ukazitoza.

Nilikuwepo nyumbani mzee Kefa aliporudi. Alieleza habari zako zote kwanza, kwa mpangilio, Baba akiitikia kwa kichwa. Halafu akavua kofia, akatoa karatasi. Baba alivaa miwani akaisoma. Akaisoma tena. Akatoka nje, akaenda kwenye mianzi, akakaa huko mpaka Mama akamfuata. Sijui walisema nini. Kijiji kizima sasa kinasema mtoto wa Anania anauza kamwene.

Hasira yangu nusu ni kwako na nusu ni kwangu, maana ni mimi niliyekuandikia kwamba naona sawa. Darasani kengele ni ya watoto ambao nitawaona tena kesho asubuhi. Mzee yule alikuwa amesafiri. Sikufikiri.

Nakupenda, ndiyo maana kalamu inaniuma.

Emilia

---

Makambako,
16 Juni 1954

Dada,

Sina salamu za kutosha za kuanzia, nisamehe. Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimefunga mlango ingawa ilikuwa siku ya Yonathani.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Alilishika blanketi kwa vidole viwili, Dada, hivi, kama Baba anavyoshika nguo dukani, na mimi nikatazama saa.

Tangazo nimelibandua. Jumamosi nakwenda Kichiwa. Usimwambie mtu.

Manase

---

Makambako,
23 Juni 1954

Dada Emilia mpendwa,

Kamwene sana. Natumai hujambo, na wasichana hawajambo, na koo lako limepona vumbi la chaki. Mama anakusalimu. Alinifungia viazi mpaka Yonathani akauliza kama nimenunua shamba.

Nilishuka njia panda, nikapita kwanza kwa mzee Kefa kumrudishia senti zake sabini na kumwomba radhi. Amekataa. Anasema stakabadhi ile ameisimulia hadi Mawengi kwa wakwe zake, na nikimrudishia fedha nitamharibia habari. Alinishika mkono tu, akanisindikiza hadi kwenye migomba yake, akasema nenda, yupo, anapasua mianzi.

Nilimkuta anapasua kweli, anatengeneza ghala. Nikachuchumaa mbali kidogo, nikasema kamwene. Hakuinua uso. Nikangoja. Alimaliza mwanzi ule, akauweka, akasema, "Kamwene."

Halafu akaanza. Umelalaje, umesafirije, upepo wa Makambako. Akaniuliza Yonathani hajambo, na shemeji zake sasa wanalipa? Silvesta amepata leseni? Ugomvi wa kuni wa Dorkasi umeishia wapi? Yule fundi nguo anayekohoa upande wa pili wa ukuta, bado anakohoa? Dada, alimjua kila mtu. Mambo niliyomwambia mzee Kefa huku jicho liko kwenye saa, Baba alikuwa ameyapanga moja moja kichwani kama mtu aliyeishi nami barazani. Nilijibu, nikauliza ya kwake, ng'ombe, kanisa, goti la Mama, jirani wa bondeni. Jua lilitoka upande mmoja wa ghala likaenda upande mwingine. Hakuna aliyetaja kampuni.

Tulipomaliza alifuta panga kwenye majani, akasema kwa sauti ile ya baraza, "Haya, Bwana Manase. Nadaiwa kiasi gani?"

Nililia, nakuambia wazi, mtu mzima wa miaka thelathini na moja. Yeye akacheka, akacheka mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona nani amekufa. Tulikula pamoja.

Sasa kazini nimefanya hivi. Salamu ni zangu na za mgeni, hazina bei. Saa naianza kilichomleta kinapotajwa, na bei nimepandisha hadi senti themanini. Nimewaeleza watu kwa nini. Silvesta ameondoka, watano wamebaki, na fundi nguo ameongezeka. Asubuhi mbili kwa juma meza inakaa ndani, ndizo za kupanga bila kuingiliwa. Nimehesabu kwa uangalifu: naweza kuishi. Si vizuri sana, ila naweza.

Kinachonishinda ni tarehe thelathini. Nikikataa kiti, nitakuwa nimemkataa Baba mara ya pili, na safari hii baada ya kula naye. Hakuniambia nirudi wala nisirudi, na mimi sikuwa na moyo wa kuuliza. Nimeandika barua mbili kwa karani mkuu, moja ya kukubali na moja ya kukataa. Ziko mezani, zote zina stempu. Niambie niposte ipi.

Nduguyo akupendaye,
Manase

---

Njombe,
28 Juni 1954

Mdogo wangu mpendwa,

Kamwene. Koo limepona, wasichana wazima, baridi imeanza kuunguza majani ya viazi. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara moja kwa sauti.

Usiposte hata moja.

Kuna jambo nililofungwa mdomo tangu Januari, na leo mwenyewe amenifungua. Uliniuliza kampuni imeanza lini kukupenda. Haijaanza. Ulipoondoka, Baba alipanda lori akaja hapa Njombe, akasimama mlangoni kwa karani mkuu siku mbili, kofia mkononi, akiomba kiti chako kisipewe mtu mpaka katikati ya mwaka. Alisema, mtoto akianguka awe na pa kuangukia. Halafu akaja shuleni, akaniapisha nisikuambie kamwe. Ndiyo maana kila ulipomuulizia sikuwa na la kukujibu. Hakukukasirikia, Manase. Alikuwa anaogopa.

Leo asubuhi nikiwa darasani nimeitwa. Baba yupo getini, amevaa koti la kanisani, siku ya Jumatatu. Akaniambia tufuatane hadi kampuni, maana Kiswahili chake anakiogopa mbele ya makarani. Lakini tulipofika hakuniachia neno hata moja. Karani mkuu alimsalimia, yeye akajibu kwa urefu wote, mpaka nyuma yetu kukawa na foleni. Alipomaliza akasema hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Nimekuja kuhusu kile kiti. Mpeni mtu mwingine. Mwanangu ana kazi."

Dada yako,
Emilia